Diski ya Edina

Elia na Shukuru, karakana nimewaachia. Funguo mnazo, jiliwa limekazwa mezani, na mashine ya kunyooshea ringi iko palepale kwenye kona isiyopigwa na jua. Mlisema mtanifanyia sherehe. Sitaki sherehe. Soda na keki hazijawahi kunyoosha ringi. Nimechukua daftari la mjukuu wangu, lile lililobaki kurasa, nimeandika. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mkiona mwandiko unapanda mlima, mjue na mwandishi alikuwa anapanda.

Naandika kwa sababu ya jambo moja. Jumamosi ile kabla sijaondoka alipita Edina, yule binti wa Mdandu aliyeolewa huku pembezoni mwa Makambako, na madumu yake ya maziwa kwenye baiskeli. Kwenye mteremko wa kuingia sokoni akashusha mguu mmoja ukaburuza chini, nanyi mkacheka. Shukuru ukasema, "Mguu Chini huyo anapita." Elia ukaongeza kwamba angekuwa bingwa kama asingeogopa mteremko. Mimi nilikuwa ndani nafunga mizigo yangu, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka tisa. Edina hakuogopa mteremko. Nitafika huko, ila nitapita njia ndefu, maana kosa lenyewe halikuanza siku ya mbio. Lilianza siku yangu ya kwanza kazini.

Siku hiyo sikuja kutafuta kazi. Nilikuwa nasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya viazi, ringi ya nyuma ikajikunja kama chapati mbele ya kibanda cha Mzee Sanga, Mkinga wa Makete, fundi aliyekuwa maarufu hapa Makambako kabla ninyi hamjazaliwa. Akatoka, akanitazama, akaitazama ringi.

"Mama, umebeba viazi au umebeba Makete nzima?"

"Nimebeba watoto wanne wanaokula," nikamjibu.

Vijana wake wote walikuwa wamekimbilia kupasua mbao Kifanya, hana hata wa kumshikia ringi. Nikamshikia. Akiwa anasuka spoki mpya nikamwambia hii umeiruka, inatakiwa ipite chini ya ile. Akaacha kazi. "Umejulia wapi?" Nikamwambia mimi nasuka vikapu vya milulu tangu utoto. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi kesho njoo. Spoki ni milulu ya chuma."

Kesho yake nilikuja nikidhani nitasuka. Akanipa kopo la gololi zilizochanganyika, nizitenge kwa ukubwa, kwa vidole, bila kutazama. Nilitenga gololi siku baada ya siku mpaka nikawa naziota. Ninyi siku yenu ya kwanza mlitaka kupigwa picha na spana.

Wateja walinichukia. Si wote, lakini wengi. Anakuja mtu na baiskeli yake, anachungulia juu ya kichwa changu.

"Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Mama, naulizia fundi."

"Na mimi naulizia baiskeli. Hiyo uliyoshika ni vyuma chakavu."

Mzee Sanga alikuwa anakaa nyuma ya pazia anacheka. Hakunitetea hata mara moja. Alisema mkono wako ndio utakaokutetea, na usipokutetea, rudi kwenye viazi.

Kitu kimoja alinifundisha kwa fimbo, yaani kwa mpini wa nyundo. Mnajua upepo wa Makambako na baridi ya Njombe zinavyopausha. Hapa mtoto hatoki nyumbani kwenda kanisani bila kupakwa mafuta. Akitoka amepauka, anayesemwa ni mama yake. Mzee alisema baiskeli nayo ni hivyohivyo. "Haitoki kwangu imepauka." Kila baiskeli, hata iliyoletwa kwa pancha tu, kabla ya kumkabidhi mwenyewe ilipata mpako wa mwisho: kitambaa chenye oili chafu, unapita kwenye mnyororo, nati, spoki, kila mahali penye chuma. Ila ringi hapana. Breki za baiskeli zile zinabana ringi, na ringi yenye mafuta haibaniki. Alikuwa na maneno yake, nayarudia kama Baba Yetu: chuma chote mafuta, ringi kavu. Kitambaa kikigusa ringi, mpini wa nyundo unagusa kidole. Baada ya mwaka mmoja kidole kilikuwa kinaruka ringi chenyewe hata nikiwa naongea na mtu. Nilijivunia sana. Fundi akianza kujivunia mkono unaofanya kazi bila kichwa, hapo amwangalie sana huo mkono.

Kazi ya miaka ile yote ilikuwa kuongeza. Anakuja mbeba mbao wa Kifanya, foki imevunjika, unaongeza nondo. Anakuja wa mkaa, fremu imeachia. Unaongeza bomba juu ya bomba. Alikuja mmoja amechomelea nondo za dirisha kila upande, baiskeli haiinuliki hata ikiwa tupu, analalamika kwamba ni nzito mlimani. Nikamwambia, "Baba, ukiongeza mlango utakuwa na nyumba." Alinuna, lakini nilimtolea nusu ya chuma kile akaondoka anapiga mluzi. Baiskeli ya mzigo haikuhitaji hata breki. Wabeba mizigo walisimama kwa kuburuza mguu. Ndiyo breki ya nchi hii, ndala na kisigino.

Mzee Sanga alipofariki nikabaki na kibanda. Zikaja pikipiki. Wabeba mbao wakahama mmoja mmoja, nikabaki na watoto wa shule na wazee wakaidi kama mimi. Ninyi wawili mlikuwa bado hamjaja. Ndipo kocha akaja na lile boksi.

Kocha alikuwa mtu wa mdomo mwingi, anafundisha vijana mbio za baiskeli za msituni, zile za kuzunguka kwenye miti na makorongo. Marafiki zake wa mbali walikuwa wamemkusanyia vipande vya baiskeli ya mbio: fremu ya alumini, foki yenye shokapu, na nyuma shokapu nyingine, ya upepo, nene kama gunzi la hindi. Mafundi wa mjini Njombe walikuwa wamemrudishia, wakisema huu ni mchezo wa Wazungu. Akaniambia, "Bibi, nataka iwe nyepesi. Punguza kila kisichofanya kazi."

"Basi tungeanza na wewe," nikamwambia.

Alikuja na msichana. Edina alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, miguu imekakamaa kwa kupanda milima ya Mdandu na mzigo. Ndiye atakayeipanda. Kocha alieleza mbele yetu wote wawili, hakuficha: mbio zingefanyika kwenye msitu wa kupandwa upande wa Kifanya, na msichana atakayeshinda angechukuliwa kambini, alelewe na timu, asafiri. Wa pili anarudi nyumbani. Edina aliishika ile fremu akainyanyua kwa vidole viwili, akanitazama kama anayeuliza kama ni kweli.

Tuliijenga kwa majuma matatu. Nitawaambia vilivyonishinda, maana nilivyoviweza havina somo. Spoki zake zilikuwa nyembamba katikati. Ukizikaza kama za kwetu, zinajisokota. Unadhani umekaza, kumbe umezungusha waya. Nikazitia alama kwa rangi ya kucha ya mjukuu wangu, nione spoki inapozunguka na nati. Unakaza unapita kidogo, halafu unarudi. Ringi ya kwanza niliifumua mara tatu. Mkono wa nyuma wa fremu, ule unaoshika gurudumu, ulikuwa unapanda na kushuka kwenye maungio yenye beringi ndogo kama vifungo vya shati. Hata moja ukilikaza kupita kiasi, baiskeli nzima inakuwa gogo. Shokapu ya upepo nayo hujazwa kwa uzito wa mwendeshaji. Edina anakaa taratibu, anashuka, natazama kipete cha mpira kwenye nguzo kimesogea wapi. Robo ya njia inatosha. Ikiwa ngumu kuliko hapo inamrusha kama mbuzi. Ikiwa laini kuliko hapo, nguvu yake yote ya kukanyaga inaliwa na shokapu.

Breki hazikuwa na waya, zilikuwa na mafuta maalumu ndani ya mrija, na hewa ilipoingia ikabidi itolewe kwa bomba la sindano. Nikaenda duka la dawa.

"Bibi, mnamchoma nani?" muuzaji akauliza.

"Breki."

"Inaumwa nini?"

"Imejaa gesi."

Akanipa mbili.

Nami sikujua Kiingereza cha kile kijitabu kilichokuja na breki. Edina ndiye alikuwa ananisomea, amekaa juu ya debe, anasoma mstari, anautafsiri, mimi nafanya. Alifika mahali akasoma kwamba breki hizi hazibani ringi, zinabana diski, ile sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu. "Diski isiguswe na mafuta wala grisi, wala mkono mtupu."

"Hata mkono?"

"Hata mkono, bibi. Ikipata mafuta, pedi zinayanyonya, breki inakufa."

"Nimesikia. Endelea."

Nilisikia. Sitaki mtu aje kunitetea kwamba bibi hakusoma. Nilisomewa kwa Kiswahili, mchana, na mtoto mwenye sauti nzuri.

Ilipokamilika tuliipeleka kwenye mizani ya mwenye viazi. Kilo kumi na moja na nusu. Mwenye mizani akasema gunia langu limepungua. Edina akaipanda, akashuka nayo kwenye korongo la nyuma ya stesheni, akapotea, akarudi amejaa vumbi mpaka kwenye meno. "Bibi, inapumua chini yangu," akasema. Katika miaka yangu yote ya kuongeza nondo hakuna mteja aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Na tangu siku hiyo alikuwa akishuka mteremko mimi nafumba macho. Huyo ndiye mnayesema aliogopa.

Asubuhi ya mbio gari lilikuwa lituchukue saa kumi na mbili. Ukungu ulikuwa mzito, gari likachelewa. Edina alikuwa ng'ambo ya barabara anakunywa chai. Baiskeli imeegeshwa mlangoni. Niliiosha jana yake, na umande wa usiku ulikuwa umeziotesha zile diski vipele vidogo vya kutu, diski zenyewe zilikuwa za bei rahisi. Mimi siwezi kusimama karibu na chuma kilichopauka. Nilikuwa nawaza gari, nawaza kama tutawahi. Kitambaa kilikuwa mkononi. Nikapita mnyororo. Nikapita maungio, moja moja. Nikapita spoki. Nikapita diski ya mbele, nikapita diski ya nyuma, nikazing'arisha. Ringi niliiruka. Naapa, ringi niliiruka vizuri sana.

Tulifika waendeshaji wamekwisha kujipanga. Hakukuwa na nafasi ya kuzungukazunguka wala kujaribu. Edina aliishika baiskeli, akakimbia nayo mstarini, filimbi ikapigwa. Mwanzo wote ulikuwa mlima, na mlimani hakuna anayeshika breki. Mpaka kileleni alikuwa amewaacha wenzake mbali, hata wanaume wengine walikuwa nyuma yake. Mimi nilikuwa nimesimama chini kabisa, kwenye kona ambapo njia inatoka kwenye misonobari na kupinda juu ya mtaro.

Nikamwona anatoka kwenye miti. Anakuja kasi mno. Vidole vyote vimebana breki, nikaviona vimekuwa vyeupe, na baiskeli haipungui. Ndipo akafanya lililobaki, la nyumbani kwao, la kila mbeba mzigo: akashusha mguu. Watu pembeni wakapiga kelele, "Ameogopa! Ameshusha mguu!" Akaipita kona moja kwa moja, akaingia mtaroni.

Mtulinga, ule mfupa wa bega, ulivunjika. Walimbeba wakampeleka hospitali, nami nikaachiwa baiskeli nirudi nayo. Kwenye gari nilikuwa nimeishika katikati ya magoti. Nikapitisha kidole kwenye diski ya mbele. Kikateleza. Nikakitazama kile kidole, cheusi, nikajua.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Kupaka mafuta lilikuwa kosa la mkono. Niliyofanya baada ya hapo niliyafanya kwa kichwa. Nilifika karakana nikafunga mlango. Nikaosha diski ya mbele kwa spiriti mara nne. Nikazitoa pedi, nikazipiga msasa, nikazichoma kwenye jiko la mkaa mpaka moshi wa mafuta ukaisha. Diski ya nyuma ilikuwa imepinda kwenye kuanguka. Nikaifungua, nikaiweka nyuma ya makopo. Kesho yake kocha akaja, nikamwambia ya nyuma imepinda mtaroni. Akaisukuma baiskeli, akabana breki ya mbele, gurudumu likagoma papo hapo.

"Breki ni nzima, bibi?"

"Ni nzima."

"Basi ni moyo. Wasichana mteremko unawashinda."

"Labda ni moyo," nikasema.

Ningeweza kuishia kwenye "ni nzima". Nikaongeza na hilo.

Kambini akaenda msichana mwingine. Baiskeli kocha aliichukua akampa mwingine, na sijui ilipoishia. Edina mtulinga ulipona umepinda. Aliletewa maneno kwamba timu inataka wasioogopa. Aliolewa, akanunua baiskeli ya mzigo, akaanza kusambaza maziwa. Jina la Mguu Chini lilitoka msituni na watu wa siku ile, likaingia sokoni, mwisho likaingia kwenye karakana yangu, mkalikuta, mkalitumia. Kila akipita alisimama kunisalimu: "Kamwene, bibi." Nami naitikia, "Kamwene," nainama kwenye ringi kama vile ina shida.

Juma lililopita, mizigo yangu ikiwa nyumbani, nilikwenda kwake. Nilimkuta anachuja maziwa kwa kitambaa cheupe. Sikukaa. Nikamwambia yote, kama nilivyowaandikia, mpaka ile labda ni moyo. Alichuja dumu zima akalimaliza, akalifunga kifuniko.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Nilinusa. Nilipobana breki mara ya kwanza ilinuka oili chafu inayoungua. Hiyo ni harufu ya karakana yako, bibi. Nilikaa ndani yake majuma matatu."

"Mbona hukusema?"

"Nimseme bibi mbele ya watu? Mama alinikataza nikiwa bado na bandeji. Alisema mkubwa hasemwi, atajisema mwenyewe. Nikangoja."

"Nimejisema, mwanangu."

"Leo." Akaanza dumu la pili. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wewe hamsini na saba. Nani alipaswa kumbeba mwenzake?"

Nilisimama nikingoja aseme yamekwisha, mnajua mtu mzima anavyongoja kusamehewa haraka ili arudi kwake mapema. Hakusema. Aliuliza, "Na nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi bado hujasema, bibi," akasema, akanipa kikombe cha maziwa, maana ni mtoto aliyelelewa vizuri. Niliyanywa nimesimama.

Kwa hiyo sasa nasema. Wasomeeni haya na wateja wanaokaa kwenye benchi, hasa wale wanaocheka kwa sauti. Kocha nimemtafuta, namba yake haipatikani. Mkimwona mwambieni breki hazikuwa nzima.

Kazi nawaachia hivi. Muwe na vitambaa viwili, kimoja cha mafuta, kingine cheupe cha diski, na visilale kwenye msumari mmoja. Baiskeli ikitoka, ijaribiwe na aliyeitengeneza, kwenye mteremko, hata kama gari linapiga honi. Na nilichowafundisha kwa ukali wangu, kirudieni kila mara baiskeli mpya inapoingia, mjiulize kama bado ni kweli. Maneno ya Mzee Sanga yalikuwa kweli kabisa kwa baiskeli za Mzee Sanga.

Mmeniuliza mara nyingi kuhusu ile sahani iliyopinda, iliyoning'inia juu ya dirisha, kwa nini mimi ninayewagombeza kwa nati moja kavu nimeiacha iliwe na kutu. Ni ile ya nyuma. Niliitoa nyuma ya makopo mwaka wa pili, nikaipigilia msumari niione, nikidhani kuiona kunatosha. Jumamosi Edina akipita, tokeni nje wote wawili, mumwamkie kwa jina lake. Halafu rudini kazini. Na ile diski msiipake mafuta.